Kibati cha Mashine ya Bi Zuhura

Vijana mnaokaa sasa kwenye ile meza ya malalamiko mmeniomba niandike niliyojifunza pale. Mwende ndiye aliyenipigia simu. Alisema, "Mzee Musyoka, andika hata kurasa tano tu, ili hawa wapya wasirudie makosa yako." Sijui kama alikusudia kusema "yako" au ilimtoka tu. Nilipokata simu nikaona vyovyote vile hakukosea. Vyeo na mshahara nitaviacha, maana vyote viwili vilikuwa vidogo na habari zake ni fupi. Nitaandika juu ya vyombo vibovu, juu ya mzee aliyenifundisha kazi, na juu ya mama mmoja ambaye hata leo nikimwona kwa mbali pale mjini Machakos, hutoa mikono mfukoni kabla sijamsalimia.

Niliingia ofisi ya serikali ya biashara mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na tai ya kuazima. Kazi yetu ilikuwa kupokea watu waliouziwa vitu vibovu. Chumba kilikuwa kimoja, nyuma kabisa, na mtu aliyeleta malalamiko ilibidi apite kwanza milango minne ya watu wasiohusika, kwa hiyo waliofika kwetu walikuwa wamekasirika mara mbili. Mle ndani kulikuwa na meza, kabati la chuma, rejista kubwa ya jalada jekundu, na Mzee Nzioka.

Mzee Nzioka alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Siku yangu ya kwanza alikuja mkulima wa maembe kutoka Matuu, amebeba pampu ya kunyunyizia dawa. Pampu ilikuwa imepasuka mshono, dawa ikammwagikia mgongoni mpaka ngozi ikababuka. Mimi nikaruka kuishika ile pampu.

"Acha kwanza," Mzee Nzioka akaniambia. "Mwana wakwa, mwanangu, chombo hakiendi popote. Msikilize mwenyewe amalize."

Alimaliza baada ya kama saa nzima, maana alianzia kwenye ukame wa mwaka uliotangulia. Ndipo Mzee Nzioka akafungua rejista, akaandika lini ilinunuliwa, wapi, nani alishuhudia. Kisha akachukua tindo ndogo na nyundo, akazivunja ribiti mbili, vile vijisumari vilivyoshika kibati cha namba, akakifunga kibati kwa karatasi na kukitia kwenye droo.

Kibati, kwa wale ambao mmezoea vitu vya karatasi za kubandika, ni kile kipande cha bati kilichochorwa jina la kiwanda na namba ya chombo. Mzee Nzioka alikuwa na sababu ya kukivunja. Zamani aliwahi kurudisha pasi mbovu dukani ikachunguzwe, na mwenye duka akaleta mbele ya hakimu pasi nyingine kabisa, ya zamani, yenye kutu, akisema mteja aliitumia vibaya. Kesi ikaanguka. Tangu siku hiyo hakuna chombo kilichotoka ofisini kwetu kikiwa na kibati chake.

"Kibati kikiwa kwa droo yangu," alisema, "huyo atabadilisha nini?"

Ilifanya kazi, na sitamsingizia marehemu. Maduka yetu tuliyajua, na wenye maduka walijua Mzee Nzioka ana kibati. Sheria nayo ilikuwa nyepesi kueleza: aliyekuuzia ndiye wa kujibu. Mwenye duka akisema, "Mimi sikutengeneza, andikia kiwanda huko ng'ambo," tulimjibu kwamba pesa hazikupelekwa ng'ambo, ziliingia kwenye droo yake yeye. Pampu ya yule wa Matuu ilibadilishwa. Mgongo wake ulichukua muda zaidi.

Miaka ile soko lilifunguka. Vikaja redio, tochi, majiko na majenereta kutoka nchi ambazo hazikuwa kwenye ramani yetu ya ukutani, maana ramani yenyewe ilikuwa kuukuu kuliko nchi hizo. Mzee Nzioka alistaafu akaniachia tindo yake imefungwa ndani ya kitambaa. Hakupata kuona jambo lililofuata, nalo ni watu kuanza kununua huko huko nje wenyewe, kupitia ndugu au mashemeji waliokwenda kufanya kazi Uarabuni. Sasa duka la kuitwa halikuwepo Machakos wala Nairobi. Kulikuwa na kadi ya waranti tu, na mtu mwenye wasiwasi aliyeishika kwa mikono miwili.

Hivyo ndivyo alivyoishika Bi Zuhura siku aliyoingia ofisini, mwezi wa Oktoba, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili.

Nilimfahamu kwa sura. Familia yao ni ya karibu na msikiti, babu yake alitoka Pwani na biashara ya vitambaa akaoa hapa hapa Ukambani. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha nguo Athi River, mpaka kiwanda kilipopunguza watu. Kaka yake aliyekuwa Dubai akamnunulia mashine ya kufuma sweta, mpya, kutoka duka la huko, na akaituma kwa meli. Sasa alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: shule moja ya wasichana ilimwagiza sweta za kidato cha kwanza, zote, ziwe tayari shule zikifunguliwa Januari.

"Na mashine imenigeuka, Bwana Musyoka," alisema. "Inafuma vizuri mpaka katikati, halafu inaangusha vitanzi. Sweta inatoka na matundu kama imeliwa na panya. Nimeifumua, nimeanza tena. Nimebadilisha uzi. Nimebadilisha sindano. Fundi ameitazama anasema kitanda cha sindano, pale zinapopangwa, kimepinda tangu kiwandani."

"Waranti inaisha lini?"

"Kabla ya Krismasi. Shule wamesema wakifika mwisho wa Novemba hawajaona hata sweta mia, watapeleka kazi Thika."

Alikuwa ameajiri wasichana wawili kwa ajili ya kazi hiyo. Walikuja kila asubuhi wakakaa wakishona vifungo kwenye sweta chache zilizopona, kisha wakakaa tu. Hayo aliniambia kwa sauti ya mtu anayejihesabia mwenyewe.

Nikamtuliza. Nilikuwa mkubwa wa ile meza na nilipenda watu watoke wametulia. Nilisoma kadi ya waranti mbele, palipoandikwa miezi kumi na miwili. Sikuigeuza. Nawaambia hilo mapema kwa sababu yote yaliyofuata yaliandikwa upande wa pili, kwa herufi ndogo kama chenga za mchele, na mimi miwani nilikuwa nayo mfukoni.

Kesho yake nilikwenda kwake kuiona mashine. Ilikuwa kwenye chumba cha mbele, imefunikwa kwa leso kama mgonjwa. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikamsikiliza mpaka akamaliza. Nikaandika rejista. Kisha yeye akaenda jikoni kunitengenezea chai, na mimi nikatoa tindo ya Mzee Nzioka, nikavunja ribiti za kibati kilichokuwa chini, upande wa nyuma, nikakitia mfukoni. Aliporudi na sinia hakuona, na mimi sikusema. Sikuwa namficha. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida kama kugonga muhuri.

Nikaandika barua kwa lile duka la Dubai, Mwende akaipiga taipu. Wakati huo Mwende alikuwa mpiga taipu wetu, msichana mdogo aliyesahihisha Kiingereza changu bila kuniuliza. Tukaituma kwa faksi kutoka posta. Kila siku tatu Bi Zuhura alipita ofisini.

"Hawajajibu?"

"Bado, mama. Wale ni watu wa mbali."

"Mbali ni kwa meli, Bwana Musyoka. Hiyo faksi nasikia inafika hata kabla hujatoka posta."

Jibu lilikuja wiki ya pili ya Novemba, na lilikuwa jema kuliko nilivyotegemea. Duka lilikubali. Wakala wao wa Nairobi angefika Machakos na kitanda kipya cha sindano ndani ya gari, aitazame mashine, na kama ubovu ni wa kiwandani akifunge siku hiyo hiyo. Chini kabisa kulikuwa na sentensi moja: mteja akumbuke sharti la nne nyuma ya kadi.

Nikageuza kadi. Nikavaa miwani. Sharti la nne lilisema kwamba mashine ambayo kibati chake kimeondolewa au kuchezewa itahesabiwa kuwa imefunguliwa na mtu asiye fundi wao, na waranti imekufa.

Nilikaa na ile kadi mpaka chai ikapoa. Nilifungua droo, kibati kilikuwa pale ndani ya karatasi yake, kimepinda kidogo kwenye kona nilipokibandua. Hapo ndipo nilipaswa kumwita Mwende aniandikie faksi nyingine, sentensi mbili tu: kibati kiliondolewa na ofisi hii, mteja hana kosa. Badala yake nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua ribiti mbili.

Nilimwambia Bi Zuhura nimekuja kuikagua mashine mara ya mwisho kabla ya wakala. Nikamwomba maji ya kunywa. Nikanyoosha kibati kwa kisigino cha nyundo, nikakigongelea mahali pake. Kwa macho yangu kilikaa vizuri. Siku zile hadi wakala alipokuja sikulala vizuri, na mke wangu aliuliza kama nimegombana na mkubwa wangu wa kazi. Nilisema ndiyo.

Wakala alikuwa kijana wa Nairobi, shati jeupe, amebeba boksi refu ambalo aliliacha kwenye gari mlango ukiwa wazi. Mimi nililiona. Bi Zuhura naye aliliona, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Wasichana wake wawili walisimama mlangoni.

Kijana alifuma safu kumi, akaona matundu, akatikisa kichwa. "Mama, hii kitanda imepinda kweli. Pole sana. Tunakubadilishia leo leo." Kisha akainama asome namba, na akakaa pale pale chini muda mrefu. Akapitisha ukucha juu ya kichwa cha ribiti.

"Hii ilitolewa," alisema.

"Nini ilitolewa?" Bi Zuhura akauliza.

"Kibati. Ribiti ya kiwanda huwa bapa, hii ni ya duara, hata bado inang'aa. Na hapa kona imepigwa nyundo. Mama, nani alifungua hii mashine?"

"Hakuna aliyeifungua. Fundi alitazama kwa macho, hata bisibisi hakutoa."

"Basi kibati imetoka kwa mashine ingine. Nimeona hiyo mchezo sana huko Nairobi. Mtu ananunua kuukuu, anatafuta kibati mpya."

Bi Zuhura hakupandisha sauti. Alikwenda kabatini akarudi na daftari lake la vipimo. Katikati kulikuwa na karatasi nyembamba ya kukatia mitindo, imesuguliwa penseli mpaka ikawa nyeusi, na ndani ya weusi ule kibati kizima kilionekana: jina, namba, na vichwa viwili vya ribiti, bapa.

"Siku mashine ilipofika nilikisugua," alisema. "Athi River kila mashine tuliichukua namba hivi, isije ikahamishiwa laini nyingine ya kazi tukaambiwa tumeiharibu sisi. Soma namba. Ni ile ile au si ile ile?"

Kijana akalinganisha. "Ni ile ile. Na ribiti ni za kiwanda."

"Haya."

"Lakini sasa si za kiwanda, mama. Kwa hiyo ilitolewa ikiwa hapa kwako."

Nje watu walikuwa wakipita na mizigo ya soko. Bi Zuhura akanigeukia, na uso wake haukuwa na shaka yoyote juu yangu. Alikuwa anageukia shahidi wake.

"Bwana Musyoka, wewe uliiona mashine Oktoba, ukaandika kwenye kitabu chako. Mwambie. Kibati kilikuwaje siku ile?"

Rejista, niliyokuja nayo kama kawaida, ilikuwa mezani mbele yangu, nimeiegemea kwa kiwiko. Kwenye ukurasa wa siku ile, kwa mwandiko wangu mwenyewe, niliandika: kibati kimeondolewa, kipo droo ya pili. Mtu yeyote angeweza kuifungua.

"Sikumbuki vizuri," nilisema. "Ni kitambo."

Alinitazama tu, kama anayejaribu kuona kama ni mimi. Kijana aliandika fomu yake, akampa atie sahihi, naye akakataa, kwa hiyo akaandika kwamba mteja amekataa. Kisha akafunga mlango wa gari na lile boksi ndani. Mmoja wa wale wasichana akasema kwa Kikamba, polepole, "Kinaenda." Nikasikia gari linashuka.

Nilinyamaza siku tisa. Ningeweza kusema nilikuwa mgonjwa, au nilikuwa natafuta njia nzuri. Nilikuwa naogopa. Mtu aliyeharibu mali ya mwananchi kwa tindo ya serikali angeulizwa maswali, na nilikuwa na watoto shuleni. Kila asubuhi nilifikiri Bi Zuhura angeingia akaomba kuiona rejista. Kila hatua ya mwanamke kwenye korido niliisikia. Hakuja. Siku ya saba Mwende alirudi kutoka sokoni akaniambia shule ile imepeleka kazi Thika, na kwamba kuna watu mjini wanasema Bi Zuhura alitaka kumdanganya Mwarabu kwa mashine kuukuu.

"Wewe unasema nini?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye nilipiga taipu barua yako, mzee," Mwende akasema. "Na mimi ndiye nafagia hiyo droo. Mimi sisemi kitu. Nangoja."

Siku ya tisa nikaingia kwa mkubwa wetu nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alifunga mlango kwanza.

"Unataka niandike hiyo kwa karatasi ya ofisi? Unajua unatuweka wapi?"

"Iandikwe kwa jina langu."

"Basi nunua karatasi yako."

Nikanunua. Mwende akaipiga taipu, safari hii hakusahihisha neno. Tukapeleka faksi pamoja na nakala ya ukurasa wa rejista, siku mbili kabla waranti haijafa. Mashine ya posta ilikwama mara mbili, nami nikasimama pale nikiishikilia karatasi kama vile ningeweza kuisukuma ifike. Wakajibu kwamba wanapokea maelezo, kwamba kitanda kile kilikwisha kupewa mteja mwingine, na kwamba kingine kingetoka nje. Mimi nilipata barua ya onyo kwenye faili langu, na niliistahili.

Boksi lilifika katikati ya Februari. Wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wamevaa sweta za Thika mwezi mzima. Nililipeleka mwenyewe kwa mkokoteni mpaka mlangoni kwa Bi Zuhura. Alikuwa peke yake. Wale wasichana wawili hawakuwepo tena na mashine ilikuwa imefunikwa. Nilikwisha kumwendea Desemba nikamwambia ukweli, naye alinisikiliza hadi mwisho, akasema "Haya," akafunga mlango. Sasa nikaweka boksi chini, nikatia mkono mfukoni kutafuta kisu nimkatie kamba.

"Usiguse," akasema. "Nitafungua mwenyewe."

Nikasimama, mikono nyuma. Alifungua, akatoa kitanda, akakifunga polepole kwa bisibisi yake. Kisha akachukua karatasi nyembamba na penseli, akasugua namba ya kitanda kipya mara mbili, akanipa nami nakala moja. Vijana, hivyo ndivyo inavyofanywa. Weka karatasi juu, laza penseli, sugua ubavu na ubavu, usikandamize. Namba itapanda yenyewe, na ribiti, na hata mikwaruzo, na chombo cha mtu kitabaki kizima. Katika miaka yote ya Mzee Nzioka na miaka yangu hakuna aliyewaza jambo hilo, na kila siku tulikuwa na penseli mezani.

"Umekuja na kitabu chako?" akauliza.

Nilikuwa nacho. Nikafungua ukurasa wa kesi yake ili niifunge, nikaandika, naye akasimama nyuma ya bega langu akisoma. Niliandika: kibati kiliharibika wakati wa ukaguzi, kitanda kipya kimepokelewa, mteja ameridhika.

"Futa mteja ameridhika," alisema.

Nikafuta.

"Na hapo. Kiliharibika. Kilijiharibu chenyewe?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na sikujua kwamba mstari mmoja unaweza kuwa mgumu hivyo hata baada ya kukiri kila mahali.

"Andika nani," Bi Zuhura akasema.

Nikaandika jina langu, lote, na la baba yangu. Rejista ile iko kwenye kabati la chuma, rafu ya chini, na karatasi ya penseli imebanwa kwenye ukurasa huo. Mwende anajua ulipo. Msomeni kwanza huyo mtu aliyeandikwa pale, ndipo mguse chombo cha mwenye kuwaamini.